Moyo wangu ulicheza ndombolo, wakauchorea ramani!

Wale mliouliza nimepotelea wapi wiki sita nzima, wengine mkasema nimehamia gazeti la jirani kwa tamaa ya mshiko, wengine mkanizushia kwamba nimefumaniwa Sinza na mke wa mtu, leo nawajibu. Sikufumaniwa! Nilikuwa nimelazwa chali kama samaki wa sinia, nimechomekwa mipira kwenye kinena, na watu watano waliovaa aproni za risasi wanautazama moyo wangu kwenye televisheni utadhani fainali ya Simba na Yanga.

Si utani. Kaeni mkao wa kula niwape stori tangu mwanzo.

Mambo yalianza siku ya harusi ya mshikaji wangu mmoja pale Mwenge. Mnajua tena harusi za washikaji, ukisema hunywi unaonekana una kinyongo na bibi harusi. Tukanywa, tukacheza, tukanywa tena. Saa kumi alfajiri nashtuka usingizini, kifua kinaruka! Na si kule kudunda kwa kukimbilia daladala, maana kule kuna mpangilio wake, du, du, du. Huku kulikuwa du-du, kimya, dudududu, du, kimya tena, du-du. Kama mpiga ngoma aliyelewa. Kama sato kwenye ndoo.

Nikamwamsha mama watoto. Akaweka mkono kifuani, akasikiliza, akaugeuzia ukuta uso. "Bia hizo baba, lala."

Mchana ikaacha yenyewe. Mimi huyo, nikasahau. Mwezi uliofuata ikarudi, safari hii niko kwenye foleni Ubungo. Jasho jembamba, pumzi fupi, kichwa chepesi. Kijiweni nilipowasimulia kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema presha, mwingine akasema kuna kidosho ananipenda kimya kimya, mzee wa kahawa akatikisa kichwa akasema hilo ni jini mahaba, tena la kike, linataka marashi. Nikacheka nao, lakini kicheko cha jino pembe.

Sasa ngoja niwaambie kilichonifanya niache kucheka. Nina mjomba wangu Muheza, mdogo wa mama, mtu wa mashairi na kesi za ukoo. Yule mzee alikuwa anaweza kusuluhisha ugomvi wa shamba asubuhi na kutunga utenzi wa harusi jioni. Asubuhi moja mwaka juzi ameketi mkekani anakunywa chai, kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Hospitali walipompima wakakuta mapigo yake ya moyo yamevurugika, na shangazi akasema mbona hilo ni la miaka, mwenyewe alikuwa analiita moyo kupaa, anatafuna tangawizi linapita. Siku hizi mjomba amebaki na neno moja tu, "Ndiyo". Mjomba umekula? Ndiyo. Mjomba una njaa? Ndiyo. Mjomba hawa ni wezi wa mbuzi wako? Ndiyo. Machoni unaona kabisa maneno yote yamo humo, yamekosa mlango.

Basi moyo kupaa nami ninao. Nikaenda hospitali.

Kasheshe la kwanza, nikifika moyo umetulia tuli, kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu mkuu. Kipimo cha ECG mara ya kwanza safi. Mara ya pili safi. Yule mtu wa mashine akanitazama jicho la "wewe una mambo yako ya nyumbani". Mara ya tatu wakanifunga kidude cha kuning'iniza shingoni saa 24, nyaya kifuani, nikaambiwa nenda kaishi kama kawaida. Nikaishi. Saa tisa usiku sato akaingia kwenye ndoo, na kidude kikamnasa!

Hapo ndipo nikapelekwa kwa daktari wa umeme wa moyo. Usicheke, wapo! Binti mdogo tu, ningekutana naye kwenye basi ningemwita mdogo wangu. Hospitali siitaji, msije mkasema nimelipwa tangazo. Akataja jina la ugonjwa, Kiingereza kirefu kama treni la mizigo, mwenyewe kwa kifupi analiita ei-efu. Akanichorea kwenye karatasi ya dawa.

"Kaka, moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Juu kulia pana kiswichi. Ukiwa umetulia kinawasha umeme mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Umeme unapita vyumba vya juu, unafika getini katikati, unasubirishwa kidogo, ndipo unashuka chini na moyo unapiga. Wewe huko juu kuna shoti. Vyumba vya juu vinapigwa na umeme mara 350 mpaka 600 kwa dakika. Kwa kasi hiyo havisukumi damu, vinatetemeka tu. Mlinzi wa geti anahangaika kuzuia, anapitisha ovyo ovyo, ndiyo maana mapigo yako hayana mpango."

"Na damu je?"

"Isiposukumwa inatuama. Chumba cha juu kushoto kina kifuko kidogo kama kidole cha glavu. Damu ikilala humo inaganda. Bonge likichomoka, mara nyingi linakwenda kichwani."

Nikamwona mjomba na kikombe chake. Daktari akasema mwenye ei-efu hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nayo, ingawa si wote sawa, umri na presha na kisukari vinaongeza. Mimi nina miaka 43 na presha juu. Akaniandikia vidonge vya kuzuia damu kuganda, hivi vipya visivyohitaji kupima damu kila mara. Mjomba yeye yuko kwenye ile ya zamani, warfarin, ambayo (shikeni viti) mwaka 1948 Marekani iliingia sokoni kama sumu ya panya! Panya anavuja damu ndani mpaka anakufa. Kwa binadamu, kipimo kikiwa sawasawa, ni dawa iliyookoa watu wengi sana. Sikumwambia mjomba. Angesema ndiyo.

Kabla ya yote wakanipima moyo kwa ultrasaundi kuangalia vali, na hapa kuna jambo nataka mlisikie. Ripoti moja ya mwaka 2014, iliyokusanya wagonjwa wa ei-efu zaidi ya 15,000 kutoka nchi nyingi, ilionyesha kwamba Amerika ya Kaskazini wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi walikuwa asilimia 2.2 tu, lakini Afrika walikuwa 21.5. Mtu mmoja katika watano! Chanzo ni yale mafindofindo ya utotoni ambayo mama alisema yatapita, hakuna dawa iliyonunuliwa, miaka ishirini baadaye vali imekakamaa. Mtu wa namna hiyo anashughulikiwa vali yake kwanza. Zangu zilikuwa nzima. Mimi wangu ulikuwa umeme, presha, na ile harusi.

Maana bia nazo zimo, jamani. Mwaka 1978 madaktari wa New Jersey, Marekani, waliwaandika watu waliokuwa wanaingia hospitali na mioyo iliyovurugika baada ya wikiendi na sikukuu za kugida. Wakauita moyo wa sikukuu. Halafu mwaka 2020 ikatoka ripoti ya Australia: wanywaji 140 wenye ei-efu, nusu wakaambiwa waache, nusu waendelee. Ndani ya miezi sita iliwarudia asilimia 73 ya walioendelea, na 53 ya walioacha. Sasa wewe wa kaunta, hizo namba zisome mwenyewe, mimi siku hizi ni soda ya tangawizi na wahudumu wamenizoea.

Niliacha pombe, nikameza vidonge vya kutuliza mapigo, ikapungua. Lakini haikuisha. Ikawa inakuja kila wiki mbili, nikiwa ofisini, nikiwa kanisani kwenye ubatizo wa mtoto wa watu. Unajua adha yake si maumivu. Ni kwamba humwamini tena mtu aliyeko kifuani mwako. Unapanda ngazi huku unamsikiliza. Nikawa silali na mama watoto vizuri, kila nikisogea nahesabu.

Ndipo daktari akataja ablesheni. Kwa lugha ya mtaani, wanaingia mpaka ndani ya moyo, wanatafuta shoti iko wapi, wanaizungushia uzio wa makovu isitoke. Bila kupasua kifua.

Nikasema hawa watu wametoa wapi ujasiri? Kumbe ujasiri ni wa siku nyingi. Mwaka 1929 kijana mmoja Mjerumani, Werner Forssmann, alitaka kujua kama mpira mwembamba unaweza kupita mshipani hadi moyoni. Wakubwa wakamkatalia. Muuguzi mmoja akajitolea apitishiwe yeye. Forssmann akamfunga kwenye meza, halafu kimya kimya akajipasua mkono wake mwenyewe, akasukuma mpira sentimeta 65, akamfungua dada wa watu, wakateremka pamoja chumba cha eksirei mpira uko ndani! Picha ikaonyesha umefika moyoni. Mambo ya kitabibu yakamwendea vibaya, akaja akawa daktari wa njia ya mkojo, na mwaka 1956 akapewa Nobel. Nadhani mke wake siku hiyo alisema nilijua tu.

Ila kujua mahali pa kuchoma ndilo lililokuwa tatizo. Kwa miaka watu waliamini ei-efu imeenea chumba kizima, hivyo dawa ni kukatakata. Jibu likatoka Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998. Michel Haïssaguerre na wenzake waliwachunguza wagonjwa 45 kwa kufuata cheche moja moja mpaka inakotokea. Wakapata vyanzo 69, na asilimia 94 havikuwa hata ndani ya chumba chenyewe! Vilikuwa kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, kwa kawaida minne, inayomwaga chumba cha juu kushoto. Kumbe nyama ya moyo inapenya kidogo ndani ya ile mishipa kama mizizi ya mwarobaini kwenye bomba la maji, na huko ndiko wahuni wanakokaa.

Na ramani? Hiyo ni kazi ya watu wa Haifa, Israeli, miaka hiyo hiyo ya tisini, akina Shlomo Ben-Haim. Wanaweka sumaku chini ya kitanda, na ncha ya mpira, wenyewe wanauita katheta, ina kidude kinachozisikia hizo sumaku, hivyo kompyuta inajua ncha iko wapi muda wote, kama simu yako inavyojua uko Buguruni wakati umemwambia mkeo uko Posta. Ncha ikigusa ukuta, kompyuta inaandika pale mahali, nguvu ya umeme wa pale, na umeme umefika pale saa ngapi. Unagusa mara mia, mara elfu, mpaka moyo mzima umechorwa kwa rangi.

Hayo yote mazuri. Bei nilipoambiwa nikaomba maji ya kunywa.

Bima wakasema hicho hakimo. Tulichokuwa nacho ni kiwanja cha Kivule, tumekinunua kwa mchezo wa upatu wa mama watoto wa miaka minne. Nikasema bora nimeze vidonge tu. Na daktari mwenyewe hakunidanganya. Akasema upo utafiti mkubwa wa mwaka 2019, watu 2,204, nusu ablesheni nusu dawa, na kwenye vifo na viharusi tofauti ya wazi haikuonekana. Kwenye kuishi kwa raha ndiko waliochomwa walikowaacha wenzao. Akasema kwa mtu wa aina yangu, anayeshikwa na kuachiwa, kama saba katika kumi wanakaa mwaka bila kushikwa kwa safari moja, wengine wanarudia. Akasema pia moyo unaweza kutobolewa kwa bahati mbaya, kiharusi kinaweza kutokea mezani, na koo la chakula liko nyuma ya pale wanapochoma. Ni nadra, lakini lazima nijue. Nikatia sahihi huku herufi zinaruka.

Usiku ule tukagombana, mimi na mama watoto. Mimi natetea kiwanja, yeye anatetea mimi. Nikamwambia daktari mwenyewe kasema haiongezi siku. Akanijibu, "Baba, mimi sijakuuliza siku. Nimechoka kukuona unajishika mkono." Kiwanja kikauzwa wiki ile ile, tena kwa bei ya hasara.

Siku ya siku ikawadia. Kwanza wakaniingiza bomba la ultrasaundi kooni kuangalia kama kile kifuko kina bonge la damu, maana wakilikuta safari inaahirishwa. Hakina. Wakanichoma ganzi ya kinena, wakanipa dawa ya kusinzia, nikawa nusu nipo nusu sipo. Mipira ikapanda kwenye mshipa mkubwa mpaka upande wa kulia wa moyo, kisha wakatoboa kitundu kidogo kwenye ukuta wa katikati kuvukia kushoto. Hapo nilisikia mtu anasema "tumevuka", nikadhani tuko Kigamboni.

Kwenye skrini palikuwa na kivuli cha kijivu kama kiazi. Dada mmoja wa kompyuta anataja, mwingine anasogeza, kiazi kikaanza kuvaa rangi. Zambarau. Zambarau tena. Niliulizia baadaye, zambarau ni nyama yenye umeme mzuri, nyekundu ni kovu. Moyo wangu karibu wote zambarau! Mtu mzima nikajisikia fahari, kama nimepasi mtihani ambao sikusoma.

Halafu wakaanza kuchoma, nukta baada ya nukta, kuzunguka mishipa miwili ya kushoto, kisha miwili ya kulia. Mimi walitumia joto. Wengine siku hizi wanatumia puto la baridi kali, na tangu mwishoni mwa 2023 Marekani wameruhusu mapigo mafupi ya umeme, yanayobagua nyama ya moyo na kuliacha koo la chakula kwa usalama zaidi. Joto nalijua sasa. Kuna nukta moja nyuma ilinifanya nilie mama yangu kwa sauti, wakaniongezea dawa, sikumbuki tena.

Kitu kimoja nakikumbuka, au nilisimuliwa nikakifanya changu. Mwishoni daktari alisogeza katheta ndani ya mshipa wa juu kushoto, na kwenye mistari shoti ilikuwa bado inapiga, tararara, imepandwa na hasira. Lakini nje, chumbani, umeme unakwenda kistaarabu, du, du, du. Mwizi yumo ndani, mlango umefungwa. Daktari akapiga makofi mara moja, kimya kimya, kama mtu aliyeua mbu.

Nililala chali saa sita bila kukunja mguu. Paja likawa na rangi ya bilinganya, mama watoto akaniuliza kama ndiyo ile zambarau yangu ya kujivunia.

Wiki ya tatu, saa nane usiku, sato akarudi kwenye ndoo.

Jamani! Sikumwamsha. Nilikwenda kukaa jikoni gizani, nimeshika mkono, nahesabu, nakiona kiwanja cha Kivule na msingi wa watu wengine juu yake. Dakika arobaini. Asubuhi nikampigia daktari sauti imekauka. Akaniambia tulia kaka, nyama iliyochomwa imevimba, imekasirika, miezi miwili mitatu ya mwanzo haihesabiwi, kovu halijakauka. Meza vidonge vyako vya damu, usiruke hata kimoja. Tutahesabu baadaye. Yaani nimelipa, na kuhesabu bado hakujaanza!

Tangu hapo kimya. Wiki ya tatu sasa ya ukimya. Jumamosi iliyopita nilipanda basi la Tanga nikashukia Muheza, nikamkuta mjomba mkekani. Nikamsimulia yote, Mjerumani, sumaku, kiazi cha zambarau, mwizi aliyefungiwa. Alicheka pale penyewe hasa pa kuchekea. Nikachukua mkono wake ule mzima, nikauweka kwenye kifundo cha mkono wangu, kwenye mshipa. Akausikiliza muda mrefu, amefumba macho kama alivyokuwa akisikiliza kesi.

"Mjomba, umepona huo?"

"Ndiyo."

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa tunarudi kwenye umbea wetu. Ile ya bwana harusi wa Tabata na wake wawili ndani ya ukumbi mmoja ninayo, mezani hapa.